Jinsi nilivyofanya c_rehash itambue vyeti vya .der

Seva yetu hapa Upper Hill ilikuwa inagoma kuunganishwa na mfumo wa mteja: "unable to get local issuer certificate". Yaani haikipati cheti cha kidijitali cha aliyetoa cheti cha mteja. Na cheti hicho kiko palepale kwenye saraka! Ila OpenSSL, programu inayokagua vyeti hivyo, haitafuti kwa jina la faili. Inatafuta kiungo chenye tarakimu nane za heshi (alama fupi inayokokotolewa) ya jina la mwenye cheti, kisha nukta na namba, mfano 3f2a91bc.0. Viungo hivyo huundwa na c_rehash, zana inayokuja na OpenSSL, nayo husoma .pem, .crt, .cer na .crl tu. Mteja alituma .der, yaani cheti cha muundo wa DER.

c_rehash ni skripti ya Perl, kwa hiyo niliongeza der kwenye mstari unaochuja majina. Faili ikaonekana, kisha ikarukwa: skripti hutafuta maandishi ya BEGIN CERTIFICATE, na DER ni baiti tupu. Chungulia kwa xxd, amri inayoonyesha baiti za faili, utaona inaanza na 3082. Hata ukilazimisha kiungo, hakitafaa kitu, maana saraka ya CApath, ile ya vyeti vinavyoaminika, husomwa kama PEM, yaani cheti kilichoandikwa kwa maandishi.

Basi nikaweka hatua kabla ya uchujaji, kila .der igeuzwe kwanza:

openssl x509 -inform DER -in mteja.der -out mteja.pem

Faili za .p7b ni kichefuchefu zaidi. Hubeba vyeti kadhaa, na c_rehash inataka kimoja kwa faili. Hizo nazitoa kwa openssl pkcs7 -print_certs, halafu nayakata matokeo kwa awk, cheti kimoja kwa kila faili.

Nikaendesha openssl verify -CApath, ikajibu OK.