Nilijiita mvutaji mstaarabu

Kwa miaka 14 nilivuta sigara na sikuwahi kujihesabu miongoni mwa wavutaji wabaya. Wabaya niliwajua: wale wanaowasha ndani ya gari na mtoto amekaa kiti cha nyuma, wale wanaopuliza moshi mezani wenzao wakila. Mimi nilitoka barazani, nikafunga mlango, nikageuzia uso upande upepo unakoelekea. Nikimaliza nanawa mikono, natafuna kitu cha kukata harufu, narudi ndani. Mke wangu havuti. Binti yetu alikuwa na miaka 3. Ndani ya nyumba ile hakuna sigara iliyowahi kuwashwa hata siku moja, na jambo hilo nililitangaza kwa fahari kila lilipozuka suala la moshi.

Mtoto alianza na masikio. Likipona la kulia, linauma la kushoto. Kisha kikafuata kifua: usiku ungesikia kinapiga mluzi, na tumbo linapanda na kushuka haraka kama mtu aliyetoka mbio. Mara mbili tulikimbia naye hospitali usiku wa manane, akavutishwa dawa kwa barakoa, tukarudi alfajiri. Mara ya pili daktari, mama mmoja wa makamo, aliuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri na kuliogopa.

"Nyumbani nani anavuta sigara?"

"Nyumbani hakuna," nikajibu kabla swali halijaisha vizuri.

Mke wangu alinitazama tu. Nikaongeza, "Mimi navuta, lakini navutia nje."

Daktari hakunigombeza. Angenigombeza ningepata la kujitetea. Aliniambia, "Baba, mpakate mwanao, kisha mnuse nywele." Nikamnusa. Mtoto aliyeogeshwa jioni ile alinuka sigara.

Akaniuliza kama mtoto hunikumbatia nikitoka barazani. Ndiyo, hunikimbilia, hujifuta uso kwenye shati langu. Basi akanieleza taratibu kwamba moshi haukomi pale kipisi kinapozimwa. Masalia yake hung'ang'ania kwenye nguo, nywele, mapazia na makochi, yakakaa humo muda mrefu, na mtoto mdogo ndiye anayekaa karibu nayo zaidi kwa sababu anatambaa, anashika, anaweka mkono mdomoni. Tena pumzi za mwanzo ninazotoa nikishaingia ndani bado zina moshi.

Usiku ule nilipofika nyumbani nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nilipiga magoti kwenye mlango wa baraza, nikaweka kiganja chini yake. Palikuwa na upenyo wa kama upana wa kidole, na hewa ilikuwa inaingia. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nafunga mlango wa juu na kuacha wazi wa chini.

Nikaanza kusoma, na kusoma kukaniharibia usingizi. Nilikuwa nadhani moshi unaowadhuru watu ni ule ninaoutoa mdomoni. Kumbe sehemu kubwa ya moshi unaovutwa na aliye pembeni hutoka kwenye ncha ya sigara inayoungua yenyewe pale unapoipumzisha kidoleni, na huo haujapita kwenye kichungi wala kwenye mapafu ya mtu. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Mtu mzima asiyevuta anayeishi na moshi huo huongezewa hatari ya ugonjwa wa moyo na ya saratani ya mapafu kwa kati ya asilimia 20 na 30. Kwa watoto orodha ilisomeka kama faili la binti yangu: masikio, pumu, kikohozi, nimonia. Kwa vichanga ni kifo cha ghafla usingizini, na hapo nilifunga simu, nikaenda kumtazama akilala.

Kilichonishika zaidi kilimhusu mke. Mwaka 1981 mtafiti wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 91,000 ambao wenyewe hawakuvuta. Wale ambao waume zao walivuta walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wale ambao waume zao hawakuvuta, na kadiri mume alivyovuta nyingi ndivyo hatari ya mke ilivyopanda. Walifuatiliwa kwa miaka 14. Miaka 14, sawasawa na yangu.

Kuhusu mwili wangu mwenyewe sina mengi. Niliyajua yote, yameandikwa kwenye pakiti. Nilijua kwamba tumbaku huweza kuua hadi nusu ya wanaoendelea kuitumia, nikajiweka kwenye nusu nyingine. Mvutaji yeyote hujiweka huko.

Njia ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa ya kijanja: kupunguza. Kutoka 20 kwa siku nikashuka hadi 5, nikajipongeza. Lakini hizo 5 nilizivuta hadi kwenye kichungi, kwa pumzi ndefu, nikaushikilia moshi kifuani kama mtu aliyezama majini. Mwili wangu ulikuwa unadai nikotini yake ileile na nilikuwa nailipa yote, kwa awamu chache. Baadaye nilikuja kusoma uchambuzi wa mwaka 2018 ulioonyesha kwamba hata sigara 1 kwa siku hubeba karibu nusu ya nyongeza ya hatari ya moyo inayobebwa na sigara 20. Kwa moyo, kupunguza si nusu ya kuacha.

Njia ya pili ilikuwa ubabe. Jumapili usiku nilivunja pakiti, nikatupa viberiti, nikaapa. Jumatano nilikuwa nimeshika fegi ya mwenzangu nje ya ofisi. Nilijiona sina msimamo, kumbe ile siku ya pili na ya tatu ndipo arosto inapofika kileleni, na mimi nilikuwa nimejipeleka kileleni bila maji wala fimbo. Nilikuwa na hasira isiyo na sababu. Nilimfokea mke wangu kwa ajili ya kijiko, kijiko tu, mpaka akasema, "Kama ndiyo hivi, bora uvute." Nikalichukua neno lile kama ruhusa. Ninaona aibu kulisema, lakini nililichukua hivyo.

Safari ya tatu nilikwenda kliniki ya watu wanaotaka kuacha. Muuguzi alinipa kifaa cha kupuliza kinachopima kaboni monoksaidi kwenye pumzi. Kikaonyesha 24. Akanieleza kwamba gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo sehemu ya damu yangu ilikuwa inazunguka mwilini imebeba mzigo usiofaa. Sikujua kwamba kitu hicho kinaweza kupimwa kirahisi hivyo, kwa kupuliza tu. Kisha akaniuliza, "Ya kwanza unaivuta muda gani baada ya kuamka?" Nikasema dakika 10. Akaandika. Baadaye niliambiwa kwamba swali hilo peke yake linaeleza uraibu kuliko hesabu ya pakiti.

Alinipa kibandiko cha nikotini cha miligramu 21 cha kubandika kila asubuhi na chingamu za miligramu 4 za kutumia hamu inapopanda ghafla. Nilibisha: naacha nikotini kwa kutumia nikotini? Akanijibu kwamba nikotini ndiyo kamba iliyonifunga, lakini kinachoua zaidi ni vile vinavyotokana na kuungua, na kibandiko hakiungui. Tena sigara hupeleka nikotini kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ule upesi ndio unaofundisha ubongo kudai tena. Kibandiko huitoa polepole, kutwa nzima. Wengine hupewa vidonge, vareniklini au bupropioni. Mimi vibandiko vilinitosha.

Chingamu niliiharibu wiki ya kwanza. Niliitafuna kama chingamu za kawaida, nikapata kwikwi na kiungulia mpaka nikataka kuitupa. Namna yake ni kutafuna kidogo mpaka usikie ukali kama wa pilipili, kisha unaiegesha kati ya shavu na ufizi, unaiacha hapo. Ukali ukiisha unatafuna tena. Na usinywe kahawa muda mfupi kabla yake, kwa sababu uchachu mdomoni huzuia nikotini isipenye.

Kahawa ina kisa chake pia, na ninakisimulia kwa sababu kilikaribia kunirudisha. Nilikuwa mtu wa vikombe vinne. Siku ya tano bila sigara nilikuwa natetemeka mikono, moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna. Nikasema arosto hii imenishinda. Muuguzi akacheka kidogo, akaniuliza nakunywa kahawa kiasi gani. Kumbe moshi wa tumbaku hulifanya ini liivunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, vikombe vilevile vinne vinakaa mwilini kama vile umeviongeza. Nikapunguza hadi viwili, mtetemeko ukaisha ndani ya siku mbili. Nimejiuliza mara nyingi ni wangapi wamerudi kwenye sigara wakikimbia kahawa.

Jambo jingine la kukatisha tamaa ni kikohozi. Nilitegemea nikiacha kitapungua. Wiki mbili za kwanza kilizidi, na makohozi ya rangi ambazo sitazieleza. Ndani ya njia ya hewa kuna vijinywele vidogo mno vinavyofagia uchafu kuupandisha juu. Moshi huvilemaza. Vikizinduka, vinaanza kazi iliyolala miaka, na kazi hiyo unaisikia. Uzito niliongeza kilo 5. Haukupungua wote.

Kati ya yote, lililonisaidia kuliko kibandiko ni kufua. Siku niliyochagua kuwa ya kuacha, mimi na mke wangu tulishusha mapazia yote, tukafua vitambaa vya makochi na shuka, tukapangusa kuta za sebule. Tukafua na koti langu la kuvutia, lile nililolitundika karibu na mlango wa baraza. Maji ya mapazia yalitoka na rangi ya chai. Mapazia ya sebule! Sebule ambayo haikuwahi kuwashwa sigara. Mke wangu alisimama akiyatazama yale maji kwenye beseni, hakusema neno, na ukimya ule ulinikaa. Hamu iliponishika usiku, nilikuwa nafumba macho na kuliona lile beseni. Hamu yenyewe, ukiipima kwa saa, haizidi dakika tano hivi. Nilikuwa naosha vyombo. Tulikuwa na vyombo visafi sana miezi ile.

Baraza lenyewe niliacha kulitumia kwa muda wote wa vibandiko, kwa sababu nikisimama pale tu vidole vilijikunja vyenyewe. Na niliteleza mara moja, wiki ya saba, kwenye shughuli ya usiku na wenzangu wa zamani: sigara moja, haikuwa hata tamu, kichwa kikazunguka. Safari ile sikusema basi nimeshindwa, nimalize pakiti. Asubuhi nilibandika kibandiko changu kama kawaida, nikampigia muuguzi. Akaniuliza nani aliyenipa na nilikuwa nimeshika nini mkononi kabla yake. Tukapanga: kwenye shughuli kama zile nakaa ndani, na hao wenzangu wajue mapema kwamba nimeacha, wasinipe hata nikiomba. Mmoja wao niliwahi kumwomba. Alininyima. Namshukuru mpaka leo.

Mwezi wa nne tangu niache nilipuliza tena, kifaa kikaonyesha 2. Leo ni mwaka na miezi kadhaa. Inasemekana baada ya mwaka mmoja ile nyongeza ya hatari ya moyo hushuka karibu nusu, na ya saratani ya mapafu huchukua kama miaka 10 kufika hapo. Nina foleni ndefu mbele yangu.

Binti yetu bado ana pumu. Anatumia dawa ya kuvuta, lakini usiku wa hospitali haujajirudia tangu tulipofua mapazia, na masikio yametulia. Daktari aliniambia watoto wengi wa umri wake hupata nafuu wakikua, hivyo sitajua ni kiasi gani kilitokana na mimi. Nilimwuliza anikadirie. Alikataa.

Mwezi uliopita kaka yangu mkubwa alikuja kututembelea. Baada ya kula alinyanyuka, akatoka barazani, akavuta mlango nyuma yake kwa adabu zote. Nikamfuata.

"Bwana mdogo, mbona umenifuata? Mimi navutia nje."

Nikainama, nikamwonyesha upenyo wa chini ya mlango. Alichungulia, akanitazama, akasema nimekuwa mkali siku hizi. Kisha akashuka ngazi na sigara yake ambayo bado haijawashwa, akaenda mpaka barabarani.