Siku Moja Maishani Mwangu: Kuunda Upinde wa Mbao na Faibaglasi Gerejini

Saa 12:30 asubuhi. Oktoba hapa Michigan baridi imeshaanza, na gundi ya epoksi haipatani na baridi: inakuwa nzito, haipakiki. Ndiyo maana makopo yake mawili yamelala jikoni usiku kucha. Nawasha hita ya gereji, nakunywa chai ya tangawizi, kisha nayapanga mezani matabaka ya leo. Kanda mbili za faibaglasi, matabaka mawili ya mbao ya mepo, na kipande kimoja cha mjozi kitakachokuwa mpini.

Mepo ni ule mti wa huku, unaogemwa utomvu wa kupikia sharubati. Mbao yake ni ngumu na nyuzi zake zimenyooka. Waturuki wa zamani nao walitumia mepo katikati ya pinde zao, wakabandika pembe upande wa ndani na kano za wanyama upande wa nje, kwa gundi ya samaki. Upinde mmoja ungeweza kukaa miezi na miezi ukikauka. Faibaglasi imechukua kazi ya pembe na ya kano kwa pamoja, na mtu aliyeieneza kwenye pinde za kuwindia alifanyia kazi jimbo hilihili: Fred Bear, mtengenezaji wa pinde aliyehamishia kiwanda chake Grayling mwaka 1947.

Saa 1:30. Mpini. Hapa sina haraka kabisa. Ncha zake mbili zinakaa katikati ya matabaka ya mepo, na lazima ziishie kwa wembamba wa karatasi. Nasaga kwenye mashine ya msasa, nasimama, naugusa, nasaga tena. Nikiuinua dirishani, ukingo wa ncha unapitisha mwanga na kahawia ya mjozi inageuka wekundu wa chai ya rangi. Hapo ndipo ninapoacha. Ncha ikibaki butu, mkono wa upinde, yaani nusu inayopinda juu au chini ya mpini, utakunjika mahali pamoja badala ya kupinda taratibu, na gundi itaachia palepale.

Saa 3:00. Mikromita, kifaa cha kupimia unene. Kama kuna jambo moja ningependa msomaji alishike, ni hili: nguvu ya upinde inaamuliwa hapa mezani, kabla gundi haijafunguliwa. Ukiongeza upana wa mkono maradufu, ugumu nao unaongezeka maradufu. Unene ni habari nyingine kabisa. Ongeza unene kwa asilimia 10 tu, ugumu unapanda kwa takriban asilimia 33. Kwa upinde kama huu wa inchi 60, ninaoutaka uvute ratili 45 mshale ukivutwa inchi 28, elfu mbili za inchi (yaani inchi 0.002) za unene zinatosha kuleta zaidi ya ratili moja. Kwa hiyo napima kila tabaka mwanzo, katikati na mwisho. Matabaka ya mepo yenyewe yanapungua unene kuelekea ncha, elfu mbili kwa kila inchi, ili ncha ziwe nyepesi na zirudi kwa kasi.

Saa 4:00. Naupanga upinde wote ndani ya kalibu bila gundi. Kalibu ni mbao za plaiwudi zilizokatwa kwa umbo la upinde, na ncha zake zimejikunja kwenda mbele. Juu ya matabaka nalaza mpira wa zimamoto, nafunga nusu ya juu ya kalibu, najaza upepo kwa kompresa. Halafu namulika kwa tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya popote, nafungua na kurekebisha. Mwanya uliojazwa gundi haushiki kama mbao iliyokaa sawasawa juu ya mbao.

Saa 5:00. Gundi. Mwanangu amekuja kusaidia, kavaa glavu kama mimi, maana epoksi ikizoeana na ngozi huleta mzio usioisha. Nafuta faibaglasi kwa asetoni ule upande uliokwaruzwa, yeye anachanganya makopo mawili kwa mizani. Tunapaka kila uso, pande zote mbili za kila kiungo. Matabaka yenye gundi yanateleza sana, ndiyo maana nimeyafunga katikati kwa tepu. Tunayarudisha ndani ya kalibu, tunafunga, na upepo ukifika ratili 60 kwa inchi mraba, gundi inachuruzika kwa shanga ndogo kuanzia ncha hadi ncha. Natembea nao kwa macho, mstari kwa mstari. Shanga zipo kote. Alhamdulillahi.

Saa 6:30 mchana. Kalibu nzima inaingia kwenye sanduku la joto, sanduku la mbao lenye globu za zamani zinazotoa joto ndani na kipimajoto kilichochomoza nje. Nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, kwa muda wa saa nne mpaka tano. Tunakula wali na maharage.

Saa 8:00 mchana. Wakati upinde wa leo unaiva, nashughulika na upinde mwingine uliotoka kwenye kalibu juzi. Navaa barakoa kwanza, maana vumbi la faibaglasi linawasha ngozi na halifai kuingia kifuani. Nachonga mapengo ya ugwe kwa tupa nyembamba, navisha ugwe kwa kamba ya kupandishia. Upinde wenye ncha zilizojikunja usivishwe ugwe kwa kuukanyaga, mkono utajipinda upande.

Kisha nautazama kutoka nchani. Ugwe haupiti katikati, umeegemea kushoto kwenye mkono wa juu. Nausaga kwa msasa ukingo wa upande wenye nguvu zaidi, kidogo kidogo, nauvuta, natazama tena. Kazi hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu upinde unajibu palepale.

“Baba, mbona mkono wa chini umeuacha mgumu kidogo?”

“Tazama vidole vyangu, mwanangu. Kimoja juu ya mshale, viwili chini. Na kiganja kinausukuma mpini chini ya katikati. Mkono wa chini unabeba zaidi, kwa hiyo naupa nguvu zaidi.”

Anaushika mwenyewe, anauvuta nusu, anaachilia taratibu. Hilo nimemfundisha mapema: ugwe hauachiwi bila mshale, nguvu yote hurudi kwenye mikono ya upinde na kuipasua.

Saa 11:15 jioni. Nazima globu za sanduku. Silifungui, lipoe lenyewe hadi asubuhi na upepo ukiwa bado kwenye mpira.

Saa 11:30. Uani, mbele ya marobota ya majani makavu. Mizani inasoma ratili 47 kwenye inchi 28, na hiyo ni nzuri, kwa sababu kulainisha kingo kutashusha mbili. Mshale wa kwanza unaenda sawa lakini ugwe unapiga kelele unapogonga ncha. Nauzungusha mizunguko michache ili uwe mfupi, naupandisha umbali wake kutoka kwenye mpini hadi inchi nane. Narusha tena. Kelele imepungua sana. Kesho nitaanza na kingo, halafu vanishi, na ule wa kwenye sanduku utasubiri msumeno.