Umeme ulikatika, hadithi ikaendelea

Jumamosi hapa Dodoma, binti yangu na shoga yake asiyeona walikuwa sebuleni wanasoma hadithi ya vijana, zabibu pembeni. Mmoja ana maandishi ya kawaida, mwenzake nukta nundu, zile nukta zilizoinuka zinazosomwa kwa vidole. (Louis Braille alizibuni Ufaransa mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Kijana kabisa!) Umeme ukakatika. Mgeni wetu wala hakushtuka, vidole vikaendelea na sauti juu. Binti yangu gizani: "Usiruke kurasa, we!"

Nilichopenda, msichana wa kiti cha magurudumu kwenye hadithi hiyo ana wivu, anakopa hela halipi. Nimechoka na hadithi ambamo mlemavu yupo ili wengine waonekane wema.

"Mama, huyu angekuwa bwenini kwetu tungemnyoosha," akasema mgeni. Binti yangu akamtetea. Wakabishana mpaka daladala ya mwisho nusura imwache.