Simu ya saa tatu usiku kwa ajili ya gati letu

"Ifute ile habari kabla ya alfajiri, la sivyo utaijua sheria ya mitandao." Simu ikakatwa. Ilikuwa mwaka 2021, saa tatu usiku, nami nimekaa barazani Langoni, hapa Amu, yaani Lamu, Kenya, kahawa inapoa.

Mchana wake nilikuwa nimeweka Facebook picha ya gati la mtaani, mbao zimeoza, na maneno manne: "Pesa za gati zimeliwa."

Sikulala. Sheria yenyewe ni ya 2018. Kifungu cha 23 wakati huo kilimlenga anayechapisha uongo huku akijua ni uongo, ukiwemo ule unaoweza kumvunjia mtu heshima: faini hadi shilingi milioni 5, au jela hadi miaka 10, au vyote viwili. Milioni 5, mtoto wa mvuvi! Na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kufuta kosa la jinai la kumchafulia mtu jina. Lilitolewa mlangoni, likarudi dirishani.

Asubuhi nikamwendea ami yangu, karani mstaafu. Hakunifungulia kitabu. Aliitazama simu yangu, akauliza, "Picha umeipiga wewe?"

"Naam, ami."

"Na hizo pesa, uliziona zikiliwa?"

Nikanyamaza.

Picha niliiacha, nikaongeza tarehe na hesabu ya mbao zilizong'oka. "Zimeliwa" nikaliondoa, nikauliza: mkandarasi amelipwa kiasi gani? Kisha nikapeleka barua kwa ofisi husika kwa sheria ya kupata habari ya 2016. Wengi hawaijui sheria hii, na kwangu ina nguvu kuliko kelele zote za mtandaoni: ombi laandikwa hata kwa Kiswahili, huulizwi unazitakia nini habari hizo, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Nakala yangu niligongesha muhuri wa mapokezi. Usiondoke bila muhuri.

Jibu lilifika siku ya 19. Mkandarasi alikuwa hajalipwa hata nusu, ndipo kazi ikasimama.

Basi nilikosea, ingawa si kwa makusudi. Niliichapisha barua nzima, na kosa langu nikalitaja. Lakini yule bwana angeweza kunieleza hayo kwa dakika mbili badala ya kunitisha.

Hajapiga tena. Namba yake nimeihifadhi kwa jina la "Alfajiri".