Mtu wa Moshi aliyefuata moshi hadi Islay

Rafiki yangu wa Jambiani, kule Unguja, hanywi pombe. Hajawahi, na sidhani kama ataanza uzeeni. Nilipomwambia nataka kwenda Islay, kisiwa cha magharibi mwa Uskoti ambacho watu wapatao 3,000 tu wanaishi huku viwanda vya wiski vikiwa karibu kila ghuba, alicheka hadi akaketi. "Sasa mie nakwenda kufanya nini huko, bwana?" Nikamjibu kuna bahari. Akanyamaza. Mtu wa pwani aliyekaa Glasgow miaka mitatu hana ujanja mbele ya neno hilo. Akatoa masharti mawili tu: gari aendeshe yeye, na tukifika tule samaki.

Sharti la kwanza lilinifaa kuliko alivyojua. Tangu Desemba 2014 Uskoti inambana dereva kuliko England: miligramu 50 za kilevi katika mililita 100 za damu, wakati ng'ambo ya mpaka ni 80. Ukitaka kuonja kwa raha, tafuta dereva Mwislamu safi.

Tulitoka Aprili, kabla jua halijachomoza. Ziwa Lomond likatuandama upande wa kulia kwa mwendo mrefu, kisha barabara ikapanda mlima hadi penye jiwe waliloliacha askari wajenzi wa barabara karne ya 18, wameandika kwamba hapa mtu apumzike na ashukuru. Tukapumzika. Nikamimina chai ya chupa, upepo ukainywa nusu. Inveraray, Lochgilphead, Tarbert, tulivipita bila kuvitazama sana, kwa kuwa mwenzangu alishaanza kuhesabu dakika za meli. Meli za Islay huondokea Kennacraig, bandari ambayo si mji wala kijiji, ni gati tu mwisho wa mkono mrefu wa bahari. Magari yakaingia tumboni, sisi tukapanda juu.

Safari ya kwenda Port Ellen ni saa mbili na dakika ishirini hivi. Abiria wengi walikaa ndani na sahani za chipsi. Mwenzangu alisimama nje muda wote, ameshika ukingo, kofia mfukoni. Kisiwa kilipokaribia, zikaanza kujitokeza kuta nyeupe ufukweni, moja baada ya nyingine, kila moja ina jina kwa herufi nyeusi kubwa zinazosomeka kutoka melini: Ardbeg, Lagavulin, Laphroaig. Zamani shayiri ililetwa hapa kwa mashua na mapipa yakaondoka kwa mashua, ndiyo maana viwanda vimegeuzia nyuso baharini, migongo barabarani. "Kama nyumba za Mji Mkongwe," alisema, kisha akaongeza, "ila hizi zimepakwa chokaa mwaka huu."

Kitu cha kwanza tulichojifunza kisiwani ni kupunga mkono. Kila dereva unayepishana naye anakusalimia kwa vidole kutoka kwenye usukani. Mwenzangu alifurahi mno, akawa anawapungia hadi kondoo.

Asubuhi ya pili mvua ilikuwa ya kulala, ile inayopigwa na upepo hadi inaingia masikioni, kwa hiyo tukaacha mpango wa kutembea kwa miguu njia inayounganisha viwanda vitatu, tukaenda kwa gari hadi Laphroaig. Ni mwendo wa dakika chache. Kiwanda hiki kilianzishwa 1815 na ndugu wawili wa ukoo wa Johnston, wakulima na wafugaji.

Nilikwenda nikiwa na dharau kidogo, nakiri. Kwetu wiski ya Uskoti ni ya mwenye gari refu kwenye harusi, anayeiweka mezani huku chapa ikitazama watu. Nilitegemea mahali penye marumaru. Badala yake kijana mtembezaji alitupandisha ngazi, akafungua mlango wa chumba kirefu chenye dari fupi, na sakafu nzima ilikuwa imefunikwa shayiri mbichi iliyolowa. Nikainama, nikaokota punje. Kila punje ilikuwa imetoa vimizizi vyeupe kama nyuzi.

"Kimea!" nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, na wageni wote wakanigeukia.

Ndicho chenyewe. Bibi yangu, pale Old Moshi, aliloweka ulezi, akauchuja, akaufunika kwa majani ya mgomba mahali penye joto hadi uote, kisha akauanika na kuusaga. Bila kimea hicho mbege, pombe yetu ya Kichagga, ni maji ya ndizi tu. Nafaka inapoanza kuota hugeuza wanga wake kuwa sukari ili ilishe mche, na mpikaji anauwahi mche huo, anaukausha kabla haujaila sukari yote. Kijana alieleza haya kwa maneno ya kemia. Bibi alikuwa anakata mzizi kwa kucha, anautafuna, anasema bado au tayari. Nilimweleza kijana habari za ulezi, naye, badala ya kuendelea na ziara, akaanza kuniuliza maswali: tunaloweka saa ngapi, tunageuza mara ngapi. Akanipa sepetu ya mbao nigeuze shayiri kidogo. Kazi hiyo iliwaharibu wazee wao mabega hadi maradhi yake yakapewa jina, bega la nyani. Baada ya dakika tano nililielewa jina lile. Haki isemwe: Laphroaig huotesha sakafuni kiasi cha sehemu moja ya tano au pungufu ya kimea chake, kinachobaki hununua kwa watengenezaji wakubwa.

Kisha tukateremshwa kwenye tanuri, na hapa ndipo wiski ya Islay inapoachana na mbege. Kisiwa kina miti michache na vinamasi vingi. Katika vinamasi hivyo majani na kuvumwani vimelala maelfu ya miaka bila kuoza vizuri, vikawa udongo mweusi unaokatwa vipande kama matofali, unaanikwa, unawashwa. Wanauita piti. Ndio uliowapikia na kuwaotesha moto vizazi vyote. Moshi wake, mzito na wa buluu, hupanda taratibu na kuganda kwenye punje zikiwa bado na unyevu. Moshi huo una fenoli, jamii ya vitu vinavyofanya hospitali inuke hospitali, na kimea cha hapa hulengwa kiwe na sehemu 40 hadi 45 za fenoli kwa milioni. Nilisimama mlangoni, koti langu likashika harufu ambayo ufuaji mara tatu haujaitoa.

Yaliyofuata nitayapitia haraka kwa sababu mtu yeyote aliyekulia karibu na mpika pombe anayajua. Kimea kinasagwa, kinamwagiwa maji ya moto, linatoka tui tamu ambalo kwetu tungeliita togwa. Machicha yanakwenda kwa ng'ombe. Tui linatiwa chachu, linachemka lenyewe siku mbili na ushei, linakuwa bia chachu ya asilimia 8 hivi. Halafu bia hiyo inakenekwa mara mbili katika mitungi ya shaba, saba kwa hesabu, yenye shingo ndefu zilizokunjwa kama za korongo. Kinachotoka mwanzo na kinachotoka mwisho hutengwa, kikarudishwa kupikwa tena. Wanachukua katikati tu, nao huita moyo.

Nilisimama mbele ya mitungi ile nikiwaza mtambo ninaoujua mimi: pipa la bati, mrija, beseni la maji ya kupozea, kichakani, na kijana mmoja kakaa juu ya mti kuangalia polisi. Gongo, au kama zilivyoiita sheria zetu za zamani, pombe ya moshi. Siitetei, imepofusha na kuua watu. Lakini mababu wa hawa jamaa nao walikuwa kichakani. Mwishoni mwa miaka ya 1700 na mwanzoni mwa 1800 visiwa na milima ya Uskoti vilijaa mitambo ya siri, na maofisa wa ushuru walikuwa wanakimbizana na wapikaji mabondeni. Mwaka 1823 bunge likapunguza ushuru kwa zaidi ya nusu, likaweka leseni ya pauni 10 kwa mwaka, na ghafla ikawa nafuu kutoka kichakani kuliko kubaki. Kijana alilitaja hilo kwa sentensi moja, akapita. Mimi nililibeba hadi jioni.

Ghalani ni baridi, giza, na mawimbi yanasikika upande wa pili wa ukuta. Mapipa mengi ni ya mwaloni wa Marekani yaliyokwishahifadhi bourbon, wiski ya huko Marekani. Sheria inataka miaka mitatu kamili, ndani ya mwaloni, ndani ya Uskoti, pipa lisizidi lita 700, na chupa isishuke chini ya asilimia 40. Kila mwaka asilimia 2 hivi hutoroka kwa mvuke kupitia ubao, nayo huitwa fungu la malaika.

"Malaika gani hao?" mwenzangu aliuliza kwa sauti ya chini. "Wa kwetu hawanywi."

Kuna wanaoapa kwamba upepo wa chumvi huingia mapipani ndiyo maana wiski ya pwani ina ladha ya bahari. Mimi sikushawishika. Si kila pipa linalojazwa Islay hukomaa Islay, mengine hupelekwa bara, na bado watu wanayasifu kwa chumvi. Nadhani ni ule moshi.

Tulipofika mezani tuliwekewa glasi ndogo zenye tumbo chini na mdomo mwembamba, zinazokusanya harufu. Kwanza ile ya miaka kumi. Unanusa mdomo ukiwa wazi kidogo, la sivyo kilevi kinakupiga pua. Unaonja tone, unalizungusha, unameza. Kisha unatia matone machache ya maji, inafunguka. Nilipata majivu, dawa ya kidonda, halafu, kwa mbali, utamu wa vanila kutoka kwenye mwaloni. Iliyofuata ilikuwa ya asilimia 48, iliyomaliziwa katika mapipa madogo, nayo ilikuwa kali na tamu zaidi, kama ndizi iliyoungua pembeni. Sikuipenda mara moja. Ukweli ni kwamba glasi ya kwanza nilidhani nimeramba plasta. Husimuliwa kwamba wakati Marekani ilipopiga marufuku pombe, 1920 hadi 1933, wiski hii iliendelea kuingia kama dawa, kwa kuwa mwenye pua hakuweza kuamini kuwa kuna mtu angeinywa kwa starehe. Naiamini hadithi hiyo.

Mwenzangu alikuwa ameketi mikono mapajani. Kijana akamwambia fungu lake atatiliwa kwenye vichupa vya madereva, aondoke navyo. "Kunusa si dhambi," nikamchokoza. Akafikiri, akainua glasi, akaisogeza puani, na akakaa nayo muda mrefu kuliko sisi wote.

"Hii si pombe," alisema hatimaye. "Hili ni jahazi. Linapakwa sifa." Akanusa tena. "Na mwani. Mwani ulioanikwa siku ya pili, haujakauka, mvua imeupitia."

Mama yake amelima mwani Jambiani tangu yeye akiwa mtoto. Nikamtafsiria kijana: mafuta ya ini la papa wanayopaka mbao za jahazi, kamba za mwani juani. Kijana akainua glasi yake, akanusa upya, akasema miaka yote anaeleza wageni "baharini, baharini", kumbe hakuwahi kusema bahari ipi.

Kabla ya kutoka nilisimama kidogo mbele ya picha ya Bessie Williamson. Alikuja hapa 1934 kutoka Glasgow kufanya kazi ya ukarani ya majira ya joto. Mwenye kiwanda alipofariki 1954 akamrithisha, akakiendesha wakati ambapo hakukuwa na mwanamke mwingine mwenye kiwanda cha wiski Uskoti. Wanaume chumbani walishangaa. Mimi nimelelewa mahali ambapo mpika mbege ni mama, na wanaume ndio wanaosubiri nje na kata mkononi.

Nilinunua chupa. Tangu 1994 mnunuzi huandikishwa na kupangishwa maisha futi moja ya mraba ya shamba la kiwanda, na kodi analipwa yeye: toti moja kwa mwaka, akija kuidai. Nikampigia baba mdogo kumweleza kwamba sasa nina kihamba, shamba la ukoo kama la Uchaggani, huko Ulaya. Akauliza kina migomba mingapi.

Samaki tulimpata Port Ellen jioni, wa kukaanga, mkubwa kuliko sahani, na mwenzangu akatamka kuwa hajui kukaangwa lakini ni samaki.

Kesho yake bahari ilikuwa imetulia. Melini alisimama palepale pa mwanzo, kuta nyeupe zikirudi nyuma. Alinipa vichupa vyake viwili, kama tulivyokubaliana, nikavitia mfukoni. Tulikuwa tumeshaipita Ardbeg aliponyosha mkono bila kunitazama.

"Hebu nipe kimoja."

Akafungua kifuniko, akakisogeza puani, akafumba macho. Akakifunga vizuri, akakikaza, akanirudishia.

"Maji yanatoka sasa hivi kule," alisema. "Mama keshateremka."