Tulipoacha kuomba dakika 20 kwenye sherehe

Kwa misimu miwili shirika letu dogo la kiraia liliingia kwenye sherehe ya jadi kama mgeni mwenye haraka. Tuliomba dakika 20 jukwaani, tukasoma ujumbe wetu kuhusu uwajibikaji, tukapiga picha za ripoti ya mfadhili, tukaondoka. Msimu wa tatu wazee wakatunyima nafasi. "Hapa si ukumbi wa semina," mmoja wao aliniambia. Sikuwa na jibu.

Niliomba niwe ninakaa tu kwenye vikao vya maandalizi, bila ajenda. Vikao vinne vya mwanzo walikuwa wakinyamaza nikiingia. Walipoanza kunizoea ndipo nikaona: mchango wa kila kaya unasomwa kwa sauti mbele ya wote, mtunza fedha habaki zaidi ya msimu mmoja, na waliokosana wanapatanishwa kabla ya siku yenyewe, maana ngoma haichezwi na watu wasiosalimiana. Uwajibikaji tuliokuwa tukiuhubiri kwa mabango, wao wanaufanya bila hata kuutaja. Iliniuma, na ilinifundisha adabu.

Kisha ofisi moja ikataka tarehe isogezwe ili imfae mgeni rasmi. Safari hii wazee ndio walionifuata: "Mwanangu, wewe unajua kuandika, tuandikie barua." Nikawasomea Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, yaani mambo kama ngoma, nyimbo na mila. Ibara ya 15 inazitaka nchi wanachama zijitahidi kuwashirikisha kwa upana wanaouunda, wanaoutunza na wanaourithisha urithi huo, hata katika kuusimamia. Waliniomba niirudie mara mbili. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, wakaitia saini wenyewe. Jina la shirika letu halikuwemo, na nilisisitiza lisiwemo. Tarehe haikuguswa. Mgeni rasmi alikuja, akaketi na wengine.

Jambo moja lilinikera na bado naliona zito. Kamati ilikuwa ya wanaume watupu, ilhali nyimbo na sehemu kubwa ya kazi ni za kinamama. Nilitamani kulisema siku ya kwanza, lakini lingetoka kinywani mwangu lingekuwa semina nyingine. Nikawatafuta kinamama wenyewe, tukazungumza nyumba kwa nyumba, na bibi mmoja anayeheshimika akalifikisha kikaoni. Walibishana hadi usiku. Sasa wapo wawili kwenye kamati, na msimu huu mmoja wao ndiye mtunza fedha.