Kiti cha mke wangu

Jana hapa Houston nilichungulia chini ya kioo cha mbele cha kigari changu cha spoti, nikanakili namba ya chesisi, herufi na tarakimu 17, nikaiingiza kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani. Loo! Wenye magari kama hili waliitwa zamani wabadilishiwe eabegi ya abiria, ule mfuko wa hewa unaofutuka gari likigonga. Aliyeniuzia hakujisumbua. Kumbe kemikali ya ndani inayoufutua, amoniamu naitreti, ikipigwa na joto na unyevu miaka mingi huharibika. Eabegi ikifyatuka kopo lake hupasuka, vipande vya chuma vikurukie usoni. Na joto la huku mnalijua.

Kubadilisha ni bure, ila gereji wanasema nisubiri kipuri. Mama watoto ameshagoma kupanda. Mkoba wangu ndio unakaa pale.